Kuonja bia ya rai kwenye baa inayojipikia bia: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

"Kali kidogo, ina karafuu, tamu, nimeipenda." Nimeshatumiwa vidokezo vya namna hii mara nyingi mno, kutoka kwa watu tofauti, kuhusu bia tofauti. Tatizo ni kwamba ukali ule ulikuwa gesi, karafuu ilikuwa kazi ya hamira, na utamu haukuwa utamu bali unene. Rai yenyewe haikuguswa kabisa.

Rai ninayoizungumzia ni nafaka, jamaa wa ngano, inayolimwa sana Ujerumani, Poland na Urusi. Si rai ya kutoa maoni, ingawa mwisho wa mwongozo huu utatakiwa kuitoa na hiyo pia.

Ninaandika nikiwafikiria zaidi walioko Marekani, ambako baa zinazojipikia bia ni nyingi na rai hutiwa kwenye bia za kila sura. Aliye Ujerumani atabadilisha ukubwa wa glasi tu. Tenga saa nzima. Anayeonja kwa dakika kumi ameonja ubaridi.

## Vitu vya kuandaa

- Bia ya rai, glasi ya mililita 250 hadi 300. Kile kionjo kidogo cha mililita 120 hakitoshi, kwa sababu utarudi kwenye glasi mara tano au sita.
- Bia ya kulinganishia kutoka baa hiyohiyo, isiyo na rai. Hapa kionjo kidogo kinatosha. Ukikosa kila kitu kingine, hiki usikikose.
- Maji ya kawaida, yasiyo na barafu.
- Mkate mweupe mkavu, au biskuti zisizo na chumvi wala siagi.
- Vikopo vitatu vyenye vifuniko. Cha kwanza kiwe na karafuu mbili, cha pili punje chache za pilipili manga zilizopondwa, cha tatu kijiko cha chai cha kisibiti.
- Kalamu na karatasi.
- Njia ya kurudi nyumbani ambayo haitakulazimu kushika usukani.

Tahadhari: rai ina gluteni. Mtu mwenye ugonjwa wa siliaki asidanganywe na maneno "haina ngano", bia hii si yake.

Huhitaji programu ya simu ya kutolea nyota. Nyota tatu na nusu hazimwambii mtu chochote, hata wewe mwenyewe baada ya mwezi.

## Hatua ya 1: Chagua saa na kiti

Nenda mapema, alasiri ya siku ya kazi ikiwezekana. Usitoke kula pilau au kuku wa kukaanga, wala usiende na njaa. Manukato, mafuta ya nywele yenye harufu, rangi ya mdomo na jojo viache nyumbani. Rangi ya mdomo huua povu, na hivyo vingine huiba pua.

Kaa mbali na jiko na mbali na mlango wa choo. Na usikae juani nje, hata kama hali ya hewa inakuita. Mwanga wa jua ukipiga bia yenye hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ndani ya glasi nyeupe, huanza kuibadilisha ndani ya dakika chache, ikatoa harufu ya kicheche. Utamlaumu mpishi kwa kosa la kiti chako.

## Hatua ya 2: Jua ni rai ya ukoo gani

Soma ubao kabla ya kuagiza. Neno "rye", yaani rai kwa Kiingereza, pekee halitoshi, kwa sababu bia tatu zenye neno hilo zinaweza kutofautiana kama uji, togwa na kahawa.

Ya Kibavaria, yaani ya jimbo la Bavaria huko Ujerumani: Roggenbier. Mwongozo wa mitindo wa BJCP, mpango wa Marekani unaofundisha na kupima waamuzi wa bia, unaipa kileo cha asilimia 4.5 hadi 6 na uchungu wa IBU (kipimo cha uchungu wa bia) 10 hadi 20. Rai kwa kawaida hufika nusu ya nafaka yote au kuzidi. Hutumia hamira ileile ya bia za ngano za Bavaria, kwa hiyo tegemea ndizi na karafuu.

Rye IPA, yaani IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi) iliyotiwa rai. Kileo cha asilimia 5.5 hadi 8, uchungu wa IBU 50 hadi 75. Hapa hopsi ndiyo bibi harusi, rai ni msindikizaji. Kazi yake ni kukausha mwisho wa funda na kuongeza mwili kidogo, yaani unene wa bia kinywani.

Bia nyingine iliyotiwa rai. Inaweza kuwa nyepesi ya dhahabu, nyekundu, au nyeusi ya porter. Kwanza ihukumu kama bia ya mtindo wake, kisha ujiulize rai imeongeza nini.

Wapishi wengi hutia rai kidogo, na si kwa ubahili. Punje ya rai haina lile ganda la nje la shayiri linalosaidia kuchuja. Ikilowekwa kwenye maji ya moto hutoa utomvu, na pipa zima linaweza kugeuka gundi isiyopitisha maji. Ndiyo maana utasikia wapishi wakichanganya maganda ya mpunga, ili maji yapate njia. Utomvu huohuo utakutana nao tena kwenye hatua ya 6, safari hii ukiwa rafiki.

Hatua hii imekamilika ukiweza kuandika sentensi moja juu ya karatasi: "Hii ni bia ya ukoo fulani, kwa hiyo natarajia hiki na hiki."

## Hatua ya 3: Agiza kwa akili

Mwambie mhudumu mambo mawili. Kwanza, glasi isitoke kwenye friza. Baa kadhaa za Marekani huleta glasi yenye ukungu wa barafu wakidhani wanakuheshimu. Barafu ile hutia ulimi ganzi, na ikiyeyuka inaongeza maji kwenye bia. Pili, bia mbili zije pamoja.

Ya kulinganishia uichague kwa ukoo. Ukiwa na Roggenbier, chukua bia ya ngano. Ukiwa na rye IPA, chukua IPA ya kawaida ya hapohapo. Hivyo hopsi au hamira zinakaribiana, na tofauti inayobaki ina uwezekano mkubwa wa kuwa nafaka.

Kisha itazame glasi yenyewe. Vipovu vikiganda ubavuni chini ya usawa wa bia, glasi haijaoshwa vizuri. Irudishe kwa upole. Usianze kazi na glasi chafu kwa kuona haya.

## Hatua ya 4: Tazama, lakini usikae hapo

Inua glasi mbele ya karatasi nyeupe. Andika rangi, uangavu na povu. Roggenbier huwa ya shaba iliyoiva hadi kahawia yenye wekundu, na ukungu ndani yake si kasoro. Povu la bia ya rai huwa zito, laini, na hukaa, kwa sababu protini na utomvu wa nafaka vinalishikilia. Likitoweka ndani ya nusu dakika kwenye glasi safi, andika.

Dakika mbili zinatosha.

## Hatua ya 5: Nusa, na kila harufu uipe mwenyewe

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo tembea taratibu.

Nusa mara moja bia inapofika, kwa pumzi mbili fupi, kwa sababu kuna harufu zinazoruka mapema. Kisha funika mdomo wa glasi kwa kiganja, izungushe mara tatu nne, fungua, nusa tena. Pumzika. Pua huchoka haraka. Ukinusa mara sita mfululizo, ya saba ni kumbukumbu tu. Njia ya kuiamsha ni kunusa mkono wa shati lako mwenyewe.

Sasa fungua vikopo.

Karafuu. Nusa kikopo, kisha bia. Ukiipata kwenye bia, mshukuru hamira. Nafaka zina asidi iitwayo feruliki, na hamira za Kibavaria huigeuza kuwa harufu ya karafuu. Bia ya ngano iliyo pembeni yako itakuwa nayo pia, na hiyo haina rai hata punje. Mimi mwenyewe niliwahi kumsifu mpishi mmoja kwa "rai yenye karafuu za Pemba". Akacheka, akanimiminia bia yake ya ngano. Karafuu zilikuwa nyingi zaidi humo.

Kisibiti. Hiki ndicho kikopo muhimu kuliko vyote kwa aliyeishi Marekani. Mkate wa rai unaouzwa huko mara nyingi hutiwa mbegu za kisibiti, basi akili za watu zimeshaunganisha hivyo viwili. Wanakunywa bia, wanakitafuta kisibiti, na wasipokipata wanasema rai haipo. Rai haina harufu ya kisibiti. Ukikipata kweli kwenye glasi, huenda mpishi ametia mbegu, au jina limekuchezea.

Pilipili manga. Hii inaweza kuwa ya rai, lakini iwe hafifu. Ikikupiga pua kama umefungua mfuko wa viungo, tafuta chanzo kingine. Baadhi ya hamira za Kibelgiji hutoa pilipili kuliko rai yoyote.

Baada ya kuwaondoa hao, kinachobaki ndicho rai, na ni kitu cha unyenyekevu: ganda la mkate wa kahawia, udongo mkavu baada ya manyunyu ya kwanza, nafaka iliyokaangwa kidogo bila mafuta. Usisikitike ukikipata kwa shida. Rai haiishi puani. Makazi yake ni kinywani.

Karatasi yako sasa iwe na safu mbili, harufu upande mmoja na mwenye harufu upande wa pili: hamira, hopsi, kimea au rai. Pasipo na uhakika weka alama ya kuuliza. Alama tatu za kuuliza ni dalili ya mwonjaji mwaminifu.

## Hatua ya 6: Onja kwa mafunda matatu

Funda la kwanza ni la kuosha mdomo. Lipitishe kila pembe, meza, usiandike kitu. Bado mdomo una ladha ya mate na njia.

Funda la pili ni la ladha. Chukua kiasi cha kijiko cha chakula. Kishikilie sekunde tano, meza, kisha toa pumzi polepole kwa pua huku mdomo umefungwa. Harufu nyingi unazoziita "ladha" hupanda puani kwa njia hiyo ya nyuma. Andika mwanzo, katikati na mwisho kwa mpangilio huo. Na umeze kweli, usiteme kama wale wa mvinyo, kwa sababu uchungu unaobaki baada ya kumeza ni sehemu ya hukumu.

Funda la tatu ni la kugusa, na hili ndilo lililokuleta hapa. Sahau ladha. Sogeza ulimi juu ya kaakaa, mbele na nyuma. Je, unateleza? Nauita mtihani wa mlenda. Utomvu wa rai, uleule uliomsumbua mpishi kwenye pipa, umepita hadi kwenye glasi na kuifanya bia iwe laini, yenye utelezi wa mbali sana unaomkumbusha mtu bamia au mlenda mwembamba. Sisi tuliokulia mboga hizo tuna faida ya bure hapa, tunaitambua hali hiyo upesi.

Sasa onja ya kulinganishia kwa namna ileile, kisha rudi kwenye ya rai. Maji na mkate katikati. Fanya hivyo mara mbili, ya pili ukianza na bia nyingine.

Kuna mitego miwili.

*Unene si utamu.* Bia ya rai hujaza mdomo, na ubongo husema "tamu". Jaribu hivi: meza, hesabu hadi kumi, ramba midomo. Sukari ingekuwa bado ipo, inanata. Mara nyingi kwenye bia ya rai iliyopikwa vizuri utakuta mdomo umekauka, karibu kama baada ya chai ya rangi. Kujaa katikati halafu kukauka mwishoni ndiyo saini ya nafaka hii, na kwangu ndiyo sababu pekee ya kuihangaikia.

*Gesi si pilipili.* Ule mchomo wa ncha ya ulimi waweza kuwa kaboni dayoksaidi tu. Mimina kidogo kwenye glasi tupu ya kionjo, funika, tikisa kwa sekunde kumi, acha povu litulie, onja. Mchomo ukitoweka, ulikuwa gesi. Ukibaki joto dogo nyuma ya koo, kavu, lisilo la kileo wala la hopsi, huyo ndiye mgeni uliyemtafuta.

Tahadhari: kwenye rye IPA uchungu hujilimbikiza. Funda la sita litaonekana chungu kuliko la kwanza ingawa bia ni ileile. Hukumu ya uchungu iandike mapema.

Mpaka hapa uwe na sentensi moja kuhusu mguso na moja kuhusu mwisho wa funda, na zote mbili ziwe zinailinganisha bia hii na jirani yake. "Inateleza zaidi ya ile ya ngano, lakini inakauka mapema" ni sentensi yenye thamani kuliko aya nzima ya sifa.

## Hatua ya 7: Iache ipate joto

Bia nyingi hutoka bombani zikiwa karibu na nyuzi 4 za selsiasi. Hapo rai imelala. Shika glasi kwa viganja viwili, ongea na mwenzako, subiri dakika kumi na tano au ishirini hadi ifike nyuzi 10 au 12. Huhitaji kipimajoto. Ni pale glasi inapoacha kuuma vidole ingawa bado ni ya baridi.

Nusa na uonje tena. Mkate wa kahawia utatokea, udongo utatokea, na kasoro zote zilizofichwa na ubaridi zitajitokeza pia. Kama bia imekuwa bora ilivyopata joto, mpishi anajua kazi. Kama imeharibika, andika imeharibika vipi.

Kuanzia hapa bakiza robo ya glasi. Utaihitaji.

## Hatua ya 8: Tafuta kasoro

Usiziwinde kwa chuki, ila zijue kwa majina ya nyumbani.

- Siagi au bisi za sinema: hamira haikumaliza kazi, au mabomba ni machafu.
- Tufaa bichi: bia imetolewa changa.
- Mahindi ya kuchemsha: mara nyingi mchemsho haukutosha au bia ilipozwa polepole.
- Boksi lililoloa: hewa imeingia, bia imezeeka.
- Plasta ya kidonda: klorini ya maji au ya sabuni, au hamira ya mwituni. Usiichanganye na karafuu. Karafuu huita ufunge macho, plasta huita daktari.
- Siki: bakteria. Isipokuwa ubao umesema bia ni chachu, haitakiwi.

Siki na siagi zikija pamoja, onja na ile ya kulinganishia. Bia zote mbili zikiwa nazo, shaka yangu ya kwanza ni mabomba ya baa, si upishi.

Kasoro moja ni ya rai peke yake: unene uliopita kiasi. Bia inakuwa kama uji uliosahaulika mezani, inamezeka kwa kusukumwa, na mwisho haukauki. Hapo nafaka imemshinda mpishi.

## Hatua ya 9: Toa alama

Tumia mizani ya BJCP ya alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, mguso wa kinywani 5, hisia ya jumla 10. Kati ya 30 na 37 ni bia nzuri sana, 38 hadi 44 ni bora, 45 na kuendelea ni nadra. Chini ya 21 ina shida za wazi.

Nina ugomvi mdogo na mizani hii. Kwenye bia ya rai, jambo kuu ni mguso, nao umepewa alama tano tu. Sikushauri ubadilishe namba, maana hutaweza tena kulinganisha na waamuzi wengine. Fanya hivi badala yake: mguso uupe alama tano zake, lakini uuandikie mistari mingi kuliko kipengele kingine chochote, na swali la "rai imefanya nini humu?" lijibiwe kwenye zile kumi za jumla. IPA nzuri sana ambayo rai haionekani kabisa ni IPA nzuri sana, lakini haijatimiza kilichoandikwa ubaoni, na ipoteze alama hapo.

Andika maneno kwanza, namba baadaye. Ukianza na namba, maneno yatageuka mawakili wake.

## Hatua ya 10: Muulize mpishi, baada ya kuandika na si kabla

Faida ya baa ya namna hii ni kwamba aliyeipika bia mara nyingi yupo nyuma ya ukuta wa kioo. Subiri apate nafasi. Kabla hujafungua mdomo, andika makisio yako: rai ni kidogo, karibu robo, au nusu na zaidi?

Kisha muulize matatu. Rai ni asilimia ngapi ya nafaka zote? Ilikuwa kimea, yaani iliyooteshwa, au mbichi iliyosagwa bapa? Na hamira ni ya aina gani? La tatu litafuta zile alama za kuuliza ulizoziacha kwenye hatua ya 5.

Usishangae kukosea kwa mbali. Kosa la kawaida ni kukisia rai nyingi kwenye bia yenye hopsi kali, na kukisia kidogo kwenye Roggenbier laini ambayo nusu yake ni rai. Usifute makisio yako. Andika jibu la kweli pembeni yake kwa wino mwingine.

Sasa rudi kwenye ile robo ya glasi uliyoibakiza. Ionje polepole ukiwa na jibu mkononi, ulimi juu ya kaakaa, na safari hii utajua unatafuta nini.